Ugonjwa umekula likizo yangu

Ndugu Mshauri,

Mimi ni muuguzi katika wodi ya magonjwa ya ndani, na huu ni mwaka wangu wa 9 kazini. Ninafanya zamu za saa 12, kwa kawaida 3 kwa wiki, mchana au usiku kadiri rosta inavyopangwa. Sijawahi kuandika barua ya kuilalamikia kazi yangu, na hata hii nimeianza mara tatu nikaichana, kwa kuwa sina hakika kama nilicho nacho ni dai au ni uchovu tu.

Miaka 2 iliyopita uongozi wa hospitali yetu ulitutangazia utaratibu mpya wa likizo. Zamani tulikuwa na likizo ya mwaka, likizo ya ugonjwa na siku chache za dharura, kila moja na fomu yake. Sasa zote zimetiwa katika mfuko mmoja wa saa 216 kwa mwaka, na tukaambiwa kwamba huo ni uhuru, kwa maana hakuna atakayekuuliza kama ulikuwa unaumwa au ulikuwa unapumzika, mradi saa zako zipo. Tulifurahi, nisiseme uongo. Saa 216 ni zamu 18, na zamu 18 kwa mtu wa zamu 3 kwa wiki ni wiki 6 kamili.

Mwezi wa 3 mwaka huu wodi yetu iliingiwa na ugonjwa wa kuharisha na kutapika. Wagonjwa 5 walianza usiku mmoja, na mimi ndiye niliyekuwa nikibadilisha mashuka yao. Siku iliyofuata nami nikaanza. Baada ya siku 2 nilikuwa mzima, nimesimama, ninakula, nikampigia simu msimamizi wa wodi kumwambia kwamba ninaweza kuingia zamu. Akanijibu kwamba afisa wa udhibiti wa maambukizi hataki mtu yeyote arudi kabla ya saa 48 kupita tangu dalili za mwisho, na akanishukuru kwa kuelewa. Nilielewa. Nisichoelewa ni kwamba mwisho wa mwezi nilikuta saa 36 zimekatwa katika mfuko wangu, yaani zamu zote 3 zilizoniangukia siku hizo, ikiwemo ile niliyotaka kuja nikazuiwa.

Mwezi wa 6 tulikuwa tunamhamisha mgonjwa mzito kutoka kitandani kwenda kwenye kiti cha magurudumu, akateleza, nikamdaka asianguke. Hakuanguka, lakini mgongo wangu ulilia. Daktari alinipa mapumziko ya wiki 2, na zamu 6 zikapita nikiwa nimelala chali. Saa 72 zikakatwa. Mwezi wa 8 niliomba siku 7 za kukaa na watoto wangu. Wiki hiyo rosta ilikuwa imenipangia zamu 3 tu, lakini ofisi ilikata saa 56, na nilipouliza nikaelezwa kwamba siku 7 mara saa 8 ni saa 56, hesabu haina mjadala.

Sasa nimebakiwa na saa 52. Nimeziomba mara 2, na mara zote 2 nimejibiwa kwa mdomo, tukiwa tumesimama kwenye meza ya wauguzi: “Ukienda wewe, nani atabaki wodini?” Mwaka ukiisha, saa ambazo hazijatumika zinafutwa. Msimamizi wetu, ambaye kwa kweli si mtu mbaya, amenishauri niziuze kwa hospitali nilipwe fedha, nisizipoteze bure.

Lakini linaloniondolea usingizi si hizo saa. Mwezi uliopita niliingia zamu ya usiku nikiwa na homa na kikohozi. Kitanda cha 4 kulikuwa na mgonjwa anayetibiwa saratani, ambaye kinga yake imeshuka kwa ajili ya dawa. Nilivaa barakoa 2, nikanawa mikono mpaka ngozi ikapasuka, na kila nilipomkaribia nilizuia pumzi. Nilifanya hivyo kwa sababu nilikuwa nazilinda zile saa 52. Wenzangu wengi wanafanya hivyo hivyo, na tumeshazoea kuulizana tunapokabidhiana zamu, “Umekuja mzima au umekuja na saa zako?”

Naomba unieleze, je, ni halali ugonjwa nilioupata kazini ule mapumziko yangu? Je, wanaweza kunikatalia likizo kisha wakaifuta kwa kuwa sikuitumia? Niziuze? Na nitadai vipi bila kuonekana mkorofi, maana hapa wanaolalamika hujikuta wakipangiwa zamu za usiku mfululizo?

Muuguzi wa wodi ya ndani

*

Ndugu Muuguzi,

Nianze na kitanda cha 4, kwa kuwa wewe mwenyewe umesema hapo ndipo usingizi ulipokatikia. Ukiwa na homa na kikohozi usiingie wodini tena, hata kama mfuko wako umebakiwa na sifuri. Sisemi hivi ili kukuongezea lawama. Nakusudia kukuonyesha kwamba utaratibu uliowekewa unamlipisha muuguzi kila anapofanya jambo lililo sahihi. Mtu anayebaki nyumbani ili asiwaambukize wagonjwa anakatwa saa 12, na yule anayekuja na homa yake anabaki na saa zake zote. Huhitaji kumsingizia mtu yeyote nia mbaya ili kuona mambo yataishia wapi. Jambo hilo liandike katika dai lako, tena liwe juu kabisa, kwa sababu uongozi unaoweza kuyapuuza mapumziko yako hauwezi kuipuuza kwa urahisi karatasi yenye sahihi na tarehe inayosema kwamba utaratibu wa likizo unaingiza maambukizi wodini.

Sasa tuje kwenye mfuko wenyewe. Kutia likizo zote katika mfuko mmoja si jambo lililobuniwa na hospitali yenu. Limeenea sana katika hospitali za Marekani, na huko lina mazingira yake, kwa kuwa sheria ya shirikisho haimlazimishi mwajiri binafsi kutoa likizo ya mwaka yenye malipo, na sheria ya mwaka 1993 inayowapa wafanyakazi wengi wa huko hadi wiki 12 kwa ajili ya ugonjwa mzito au uzazi inalinda nafasi ya kazi tu, haimlipi mtu mshahara. Mahali ambapo sheria haijaweka chochote, mfuko mmoja unaweza kuonekana kama fadhila. Lakini katika nchi nyingi sheria ya kazi inaitaja likizo ya mwaka peke yake na ugonjwa peke yake, na hapo mwajiri anaweza kuzichanganya katika daftari lake apendavyo, ila hawezi kuutumia mchanganyiko huo kushusha kile ambacho sheria imekiweka kuwa cha chini kabisa. Kwa hiyo kabla hujaandika neno “haramu” mahali popote, tafuta karatasi 3: mkataba wako wa ajira, waraka uliotangaza mfuko huo miaka 2 iliyopita, na kifungu cha likizo katika sheria ya kazi ya nchi yako. Kama mna chama cha wafanyakazi chenye mkataba wa pamoja na hospitali, hiyo ndiyo karatasi ya 4, na mara nyingi ndiyo yenye nguvu kuliko waraka.

Kipimo cha kimataifa kipo, na ni kizuri kukifahamu hata pale ambapo nchi haijajifunga nacho. Mkataba Na. 132 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1970, unataja likizo ya mwaka isiyopungua wiki 3 za kazi kwa mwaka mmoja wa utumishi, na unasema kwamba vipindi vya kutoweza kufanya kazi kwa sababu ya ugonjwa au jeraha visihesabiwe ndani ya kiwango hicho cha chini, kwa masharti yatakayowekwa na kila nchi. Wauguzi wana chombo chao wenyewe, yaani Mkataba Na. 149 wa mwaka 1977, ambao unataka hali zao za kazi, zikiwemo likizo ya mwaka, likizo ya ugonjwa, ya uzazi na ya masomo, zisiwe duni kuliko za wafanyakazi wengine wa nchi hiyo hiyo. Mkataba wa aina hii unaifunga nchi iliyouridhia tu. Pamoja nao lilitolewa Pendekezo Na. 157, ambalo halimfungi mtu, lakini ndilo lililozama zaidi katika mambo unayoyaishi: linataka likizo ya muuguzi isogezwe hadi kufikia angalau wiki 4, linataka kuwe na saa 12 za mapumziko mfululizo kati ya zamu na zamu, na juu ya ugonjwa linasema jambo ambalo ningependa ulisome mara mbili. Linataka haki za likizo ya ugonjwa zitofautishe hali 3: ugonjwa au jeraha lililotokana na kazi, hali ambapo mtu anaweza kufanya kazi lakini inabidi asiwepo ili kulinda afya ya wengine, na ugonjwa usiohusiana na kazi.

Hali ile ya pili ndiyo zamu yako ya mwezi wa 3. Watu walioketi na kuiandika mwaka 1977 walijua kwamba hospitalini kuna siku ambazo muuguzi ni mzima, anataka kuja, na anazuiwa kwa faida ya wagonjwa. Kanuni ya saa 48 baada ya dalili za mwisho ni kanuni ya kawaida ya kudhibiti magonjwa ya kuharisha na kutapika, na msimamizi wako alifanya vyema kuishika. Lakini siku hiyo hukuwa likizoni. Hukuichagua, hukuiomba, na kama ungeamua kuja kwa nguvu ungevunja agizo. Ulikuwa umewekwa nje kwa amri ya mwajiri kwa ajili ya kazi ya mwajiri, na mimi sioni kwa hoja gani siku ya namna hiyo ikalipwa kutoka mfuko wa muuguzi. Zamu zile nyingine 2, ulipokuwa mgonjwa kweli, zinaingia katika hali ya kwanza, kwa kuwa ugonjwa uliupata kwenye mashuka ya wagonjwa wako wakati wodi nzima ikiwa na mlipuko ambao hospitali yenyewe iliuandika.

Mgongo ni kesi iliyo wazi zaidi kuliko zote, na hapo ndipo ninapokuwa na wasiwasi nawe. Hukunieleza kama tukio lile liliandikwa katika kitabu cha matukio cha wodi siku lilipotokea. Wauguzi wana tabia ya kumjazia mgonjwa fomu ya tukio hata kama ameteleza bila kuumia, lakini wao wakiumia wanameza dawa ya maumivu na kuendelea na zamu. Kama uliandika, omba nakala leo. Kama hukuandika, nenda ukaandike taarifa iliyochelewa, ukieleza tarehe, saa, kitanda, jina la mwenzako aliyekuwa upande wa pili wa mgonjwa, na sababu ya kuchelewa. Kisha umwombe mwenzako huyo aandike mistari yake mwenyewe. Jeraha la kazini kwa kawaida lina mlango wake, uwe ni bima ya fidia, mfuko wa taifa au wajibu wa mwajiri mwenyewe, na mlango huo huwa na muda wa kufungwa. Likizo yako haikuwekwa iwe bima ya mgongo ulioumia ukimdaka mgonjwa wa hospitali.

Hesabu ya saa 56 ni kosa tu, na ninaweza kukuambia linavyotokea kwa sababu nimewahi kulifanya kwa mkono wangu. Nilikaa meza ya utumishi miaka mingi kabla ya safu hii, na kwa mwaka mzima niliwakata watu wa zamu kwa namna hiyo hiyo bila kujua, mpaka mhudumu mmoja wa maabara alipokuja na rosta yake ameikunja mfukoni, akaifungua mezani, akaniwekea kidole kwenye herufi za ofu. Fomu za likizo hubuniwa kwa ajili ya watu wa ofisini, wanaofanya saa 8 kwa siku 5. Mtu wa ofisini akichukua wiki moja anakatwa saa 40, kwa kuwa Jumamosi na Jumapili si siku zake za kazi. Wewe ofu zako zimetawanyika katikati ya wiki, hivyo karani akizidisha siku 7 kwa saa 8 anakuwa amekulipisha hata siku ambazo ungelala nyumbani kwako bila kumwomba mtu ruhusa. Ukipewa likizo kwa siku za kalenda, basi ikatwe kwa siku za kalenda. Ukipewa kwa saa za kazi, ikatwe kwa saa ambazo rosta ilikuwa imekupangia. Kinachokatazwa na akili ya kawaida ni kupewa kwa kipimo kimoja na kukatwa kwa kingine. Wiki ile ulikosa zamu 3, ambazo ni saa 36. Wamekukata bure saa 20.

Ukiyaweka pamoja, ona kinachotokea. Mfuko ulikuwa na 216. Zilizokatwa ni 36 za mwezi wa 3, 72 za mgongo na 56 za mwezi wa 8, jumla 164, ndipo ukabakiwa na 52. Lakini katika hizo 164, saa ambazo kweli ulipumzika ni 36 peke yake. Muuguzi wa mwaka wa 9 amepumzika zamu 3 katika mwaka. Dai lako kamili ni salio la saa 180, ambazo ni zamu 15, sawa na wiki 5 kwa mpangilio wako. Sikuahidi kwamba utazipata zote. Saa 20 utazipata bila shaka ukionyesha rosta, 72 za mgongo zina msingi imara kama ushahidi upo, na zile 36 za mwezi wa 3 zitategemea waraka wenu unasemaje na uongozi wenu una masikio kiasi gani.

Kuhusu kunyimwa likizo kisha kufutiwa, ni kweli kwamba mwajiri ana sauti katika kupanga tarehe, na wodi haiwezi kuachwa tupu. Hata ule Mkataba Na. 132 unampa mwajiri nafasi ya kupanga wakati wa likizo, ila unamtaka ashauriane na mfanyakazi, na unaruhusu sehemu ya likizo iliyobaki baada ya ile ya mfululizo isogezwe hadi miezi 18 baada ya mwaka uliohusika. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, ambako kima cha chini ni wiki 4, mahakama ya umoja huo iliamua mwezi wa 11 mwaka 2018 kwamba likizo haiwezi kupotea yenyewe tu kwa sababu mfanyakazi hakuiomba, isipokuwa mwajiri aonyeshe kwamba alimwezesha kweli kuichukua na akamweleza mapema kwamba itapotea. Uamuzi huo hauvuki mipaka yake, lakini mantiki yake ni ya kawaida kabisa: asiyekufungulia mlango hawezi kukulaumu kwa kutokutoka. Tatizo lako ni kwamba umekataliwa kwa mdomo kwenye meza ya wauguzi, na neno la mdomo halina nakala. Mwezi wa 12 ukiisha, daftari litaonyesha kwamba hukuomba.

Kwa hiyo omba upya kwa maandishi, na usiombe tarehe moja. Toa vipindi 3 tofauti, uviweke kabla rosta ya mwezi huo haijachorwa, na uandike mwishoni kwamba iwapo vyote 3 havifai, unaomba upewe tarehe ambazo zinafaa. Sentensi hiyo ya mwisho inambana mtu kwa upole, maana jibu la “hapana” peke yake halitoshi tena. Kama mwenzako yuko tayari kubadilishana nawe zamu 1 au 2, liandike na hilo, lakini usijitwike kazi ya kutafuta wa kukuziba kwa likizo nzima. Hiyo ni kazi ya anayepanga rosta.

Na hili la “nani atabaki wodini” linanikera kidogo, niruhusu nilitoe. Nafasi moja ya muuguzi inayotakiwa kujazwa usiku na mchana ina saa 168 kwa wiki. Ukigawa kwa saa 36 za kila mmoja wenu, unapata wauguzi 4 na theluthi 2, na hapo hujampa mtu hata siku moja ya kuugua. Ukikubali kwamba kila muuguzi atakuwa nje wiki 7 kwa mwaka kwa likizo, ugonjwa na mafunzo pamoja, anabaki na wiki 45 za kazi, na nafasi ile ile sasa inahitaji wauguzi 5 na zaidi kidogo ya theluthi moja. Hospitali iliyoajiri kwa hesabu ya kwanza imeshaitumia likizo yenu siku ilipopanga bajeti, na upungufu unaouona kila unapoomba ulikuwepo kabla hujaomba. Msimamizi wako hawezi kulitatua hilo, na nadhani ndiyo maana anakushauri uuze, naye amebanwa. Lakini chama chenu kinaweza kuifikisha hesabu hiyo kwa uongozi, na itasikika vizuri zaidi ikitoka kwa wodi nzima kuliko ikitoka kwako.

Usiuze, walau usiuze kabla hujajua salio lako la kweli. Mkataba Na. 132 unataka makubaliano ya mtu kuachia likizo yake ya chini kabisa kwa fidia ya fedha yawe batili au yakatazwe, na sheria nyingi za nchi zinafuata mkondo huo, zikiruhusu malipo pale tu ajira inapokwisha au kwa siku zilizo juu ya kiwango cha chini. Hata pasipo na katazo, ukiuza saa 52 leo utakuwa umeikubali hesabu ya 52, na kesho ukidai 180 watakuonyesha sahihi yako.

Juu ya kuonekana mkorofi: hofu yako ina msingi, sitaidharau. Dawa yake ni kuandika barua isiyo na hasira hata neno moja, inayoomba marekebisho ya hesabu badala ya kumshtaki mtu. Ningeiandika hivi:

“Naomba kurekebishiwa hesabu ya saa zangu za likizo za mwaka huu. Mwezi wa 8 nilikatwa saa 56 kwa wiki ambayo rosta ilinipangia saa 36. Nakala ya rosta imeambatishwa. Mwezi wa 6 nilikatwa saa 72 kwa jeraha nililolipata nikihudumia mgonjwa. Taarifa ya tukio na cheti cha daktari vimeambatishwa. Mwezi wa 3 nilikatwa saa 36 kwa ugonjwa nilioupata katika mlipuko wodini, zikiwemo saa 12 ambazo niliagizwa nisiingie kazini ili kuwalinda wagonjwa. Naomba pia kuelekezwa ni utaratibu gani muuguzi mwenye dalili za maambukizi anapaswa kuufuata ili asilazimike kuchagua kati ya usalama wa wagonjwa na likizo yake. Nitashukuru kupata jibu la maandishi.”

Mpe kwanza msimamizi wako aisome kabla hujaipeleka utumishi; usimruke, kwa kuwa utamhitaji, na huenda akakushangaza kwa kuiwekea sahihi ya kuunga mkono. Gonga muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Usipojibiwa baada ya wiki kama 3, nenda na nakala hiyo kwa mwakilishi wa chama, na baada ya hapo kwa mkaguzi wa kazi wa serikali. Weka pia rosta zako, za kabla ya barua na za miezi ijayo, ili kama zamu za usiku zitaanza kukufuata mfululizo iwepo karatasi inayoonyesha zilianza lini. Na kama wenzako wawili watatu nao walikatwa kwa hesabu ya siku 7 mara 8, kila mmoja aandike ya kwake siku hiyo hiyo.

Jambo moja la haraka. Rosta za zamani hubanduliwa ukutani na kuishia kwenye pipa, na bila rosta ya mwezi wa 8 zile saa 20 zitakuwa neno lako dhidi ya daftari. Zamu yako ijayo, kabla hujapokea wagonjwa, muulize msimamizi faili la rosta liko wapi, utoe nakala ya miezi yote 3.

Mshauri